Imeili Moja ya Mtaa Mzima

Jumanne asubuhi Nesi aliingia kwenye steshenari, akavuta kile kiti cha plastiki kilichofungwa mguu kwa waya, akamwambia Mtaalamu, mwenye steshenari, amfungulie faili lake. Alikuwa bado si nesi. Jina alipewa na mtaa tangu mdogo, kwa sababu alikuwa anafunga kuku bendeji. Faili lenyewe lilikuwa barua ya kujiunga na chuo cha uuguzi. Chuo kilisema barua ifunguliwe kwenye mfumo wa serikali wa maombi, iprintiwe, ifikishwe getini kabla ya Ijumaa. Asiyefika, nafasi anapewa mwingine. Mwaka jana hakuchaguliwa. Mwaka juzi pia hakuchaguliwa.

Mtaalamu akabonyeza. Ukurasa ukawa mweupe, kiduara kikaanza kuzunguka katikati. Wakakiangalia.

"Kinafikiria," alisema Mtaalamu.

"Kinafikiria nini, kaka? Si kifungue tu?"

"Tulia. Hizi kazi nimezianza wewe bado unatibu kuku."

Akaupakia ukurasa upya. Akahamia brauza nyingine. Akaruhusu vile vidirisha vinavyoruka, vikaruka kweli, kimoja kikatangaza dawa ya mba. Akafuta historia na takataka zote za brauza. Akajaribu kulipakua faili badala ya kulifungua pale pale, likaja, ila ndani halikuwa na kitu. Mwishowe yakatokea maandishi mekundu: *Faili hili umelifungua mahali pengine. Lifunge huko kwanza.*

"Mimi niko hapa," alisema Nesi.

"Hapa ndiyo uko. Ila na kwa kinyozi pia uko."

Jambo hilo lilijulikana. Mfumo ulipoanza, kila mtu alitakiwa awe na imeili. Mtaani wengi hawakuwa nayo, na waliofunguliwa walisahau paswedi kabla hawajafika nyumbani. Mtaalamu akachoka. Akawasajili wote kwa imeili yake, namba yake ya simu na paswedi yake. Mwenye bucha aliombea humo leseni. Kinyozi naye aliombea humo kibali cha saluni. Bibi yake Nesi aliombea humo kufanyiwa upasuaji wa macho, maana yote mawili yalikuwa yameingia ukungu. Mfumo ukahesabu kwamba huyo ni mtu mmoja mwenye shida nyingi.

Baadaye na miili ikafuata, ikawa kama ya mtu mmoja. Kinyozi akijikata kidole, mtaa mzima unatafuta plasta. Mwenye bucha akila pilipili, Bibi anaagiza maji. Kwikwi ikimshika mmoja inapita nyumba kwa nyumba hadi ichoke yenyewe. Wiki ya kwanza watu walilalamika, halafu wakazoea kama walivyozoea umeme kukatika. Ugomvi uliobaki ni wa nani anakula maharage jioni.

Nesi na Mtaalamu wakatoka kwenda kulifunga faili. Kwenye bucha simu ilikuwa juu ya mizani, ukurasa mweupe, kiduara kinazunguka.

"Sijaigusa," alisema mwenye bucha. "Imejifungua yenyewe, na gramu zimeongezeka."

Akafunga. Likafunguka kwa kinyozi. Kinyozi akafunga. Likarudi kwenye bucha. Wakafukuzana nalo hadi jua likawa kali, wakarudi steshenari, Mtaalamu akapiga simu huduma kwa mteja. Muziki ulipigwa mpaka mke wake akaanza kuuimba. Halafu dada mmoja mpole akapokea.

"Mpendwa mteja, umejaribu kutoka kwenye akaunti na kuingia tena?"

Mtaalamu akatoka kwenye akaunti.

Mtaa mzima ukajisahau. Mwenye bucha alisimama na kisu, hajui kama nyama ni yake au amekuja kununua. Kinyozi alimwacha mteja na nusu kichwa, akaenda kukaa kwenye benchi kusubiri zamu yake anyolewe. Nesi aliangalia mikono yake kama imeletwa na mtu. Mtaalamu mwenyewe hakukumbuka chochote, ila vidole vyake vilikumbuka, vikaandika paswedi.

Paswedi ilikuwa jina la mchumba wake wa zamani. Asingeweza kuibadilisha, maana mtaa mzima ulikuwa ndani. Kwa hiyo kila alipoingia, watu wote walimkumbuka yule dada kwa pamoja. Mwenye bucha alivuta pumzi ndefu. Kinyozi alifuta jicho. Hata mke wa Mtaalamu, ambaye naye alisajiliwa humo humo, aliweka ufagio chini.

"Kweli alikuwa mzuri," alisema kwa hasira. "Lakini hata salamu alikuwa hajui."

Mfumo ukaonyesha duara. *Weka uso wako katikati ili tukutambue.*

Nesi akaweka uso. *Huyu si wewe.* Mtaalamu akaweka. *Huyu si wewe.* Wakamwita Bibi, akaja akipapasa ukuta, wakamwelekeza kwenye kamera. *Huyu si wewe, ila unakaribia.*

"Nimetukanwa mengi," alisema Bibi, "hilo ndilo jipya."

Mtaalamu akajikuna. Halafu akatoka mlangoni akapiga mluzi. Wakaja wote waliosajiliwa. Mwenye bucha na aproni yake yenye damu, kinyozi na mteja wake wa nusu kichwa, mama muuza mkaa, walinzi wawili waliokuwa wamelala. Wakabanana mbele ya kamera hadi meza ikasogea.

"Nani ananikanyaga?"

"Ukikanyagwa wewe tumekanyagwa wote, nyamaza!"

"Toa huo mkono kwenye pua yangu."

"Ni pua yetu, bwana. Angalia kamera."

Masikio yakagusana, mashavu yakagusana, duara likajaa. Tiki ya kijani ikatokea. *Karibu tena. Una maombi mengi yanayosubiri. Kila mtu anaruhusiwa faili moja. Ukifungua hili, mengine yote yatafungwa. Endelea?* Chini yake kulikuwa na vitufe viwili, Ndiyo na Hapana.

Mtaalamu alisoma kwa sauti mara mbili. Hakuna aliyetoka kwenye kubanana.

"Mimi nilikuwa nanyoa bila kibali," alisema kinyozi, "nitaendelea hivyo hivyo."

"Wewe unauza nywele," alisema mwenye bucha. "Mimi bila leseni wanafunga. Nina watoto."

"Wote tuna watoto wako," alisema mama muuza mkaa. "Wakilia usiku tunaamka sote."

Mwenye bucha akaanza kuivua aproni yake.

Nesi alimgeukia bibi yake. Siku ya upasuaji ilishapangwa, ilikuwa wiki inayofuata. "Bibi, tubonyeze Hapana. Wewe utibiwe kwanza. Mimi nitaomba mwakani."

"Mwakani ulisema mwaka jana," alisema Bibi. "Nishike mkono. Ndiyo iko wapi?"

Nesi akaushika mkono wa bibi yake, akaweka kidole chake kwenye kipanya, akakipeleka kishale taratibu hadi kwenye Hapana.

"Ndiyo ndiyo hii, Bibi."

Masikio ya watu wote mle ndani yakapata moto, kama yanavyopata moto ya mtu anayedanganya.

"Rudisha," alisema Bibi.

Nesi akarudisha. Bibi akabonyeza kwa nguvu, kama anaua mdudu.

Faili likafunguka. Ukurasa mmoja, umelala ubavu, mhuri umekaa juu ya tarehe. Watu wakapinda shingo upande mmoja wakasoma. Mtaalamu akaprinti nakala, karatasi ikatoka ya moto, Nesi akaipuliza. Kwenye kompyuta yale maombi mengine yalikuwa yanafungwa moja moja. Leseni, imefungwa. Kibali, kimefungwa. Macho, yamefungwa.

Siku iliyofuata walikuja wakaguzi wakaweka kufuli kwenye bucha. Usiku huo mwenye bucha aligeuka huku na huku kitandani. Mtaa mzima ulikosa usingizi.

Alhamisi Nesi alifika getini kwa chuo. Karani aliangalia barua, akaangalia picha kwenye mfumo, akamwangalia yeye.

"Umekuja pungufu," alisema.

Nesi akapiga simu. Wakaja na pikapu ya bucha, wakashuka, wakabanana mbele ya dirisha la karani kama walivyobanana siku ile. Karani alilinganisha uso kwa uso na picha.

"Mlinzi mmoja yuko wapi?"

"Anafunga kiatu."

"Sawa. Sasa umetimia."

Akatoa ufunguo mmoja, godoro moja na ndoo moja. Jioni wote wakarudi, Nesi akabaki.

Mwezi haujaisha, ofisi ya mfumo ikabandika tangazo. Iliupongeza mtaa huo kwa kupunguza foleni ya maombi kuliko mitaa yote, na ikaishauri mitaa mingine nayo ijisajili kwa imeili moja.

Tangu nyuso zibanane kwenye duara, na macho nayo yalikuwa yameungana. Kinyozi akiwa katikati ya kazi anaona ubao wa darasani, wateja wanatoka na mistari iliyopinda. Nesi darasani anaona ukungu, ameomba ahamishiwe mbele. Bibi, ambaye hakuwa na kingine cha kuangalia, ndiye aliyeuona ubao vizuri kuliko wote. Asubuhi anakaa kibarazani, beseni liko miguuni halioni, lakini ubao anauona. Alisoma mifupa, akasoma damu. Siku moja wakafika kwenye jicho. Akaona mchoro wa ukungu, unavyoingia na unavyotolewa. Upasuaji wenyewe ni mfupi, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Akaenda steshenari kwa kupapasa. Mtaalamu akamjazia ombi upya, akabonyeza, kiduara kikazunguka, kikatulia.

"Wanasemaje?" aliuliza Bibi.

"Wanasema, *Ombi halipokelewi. Tayari umeshahudumiwa.* Nijaribu brauza nyingine, Bibi?"

Bibi aliinua mkono kumnyamazisha. Alikuwa amegeukia ukutani, kwenye rafu ya madaftari, na midomo yake ilikuwa inasoma.

"Ngoja kwanza," alisema. "Mwalimu anafuta ubao."