Lugha ya Kiwandani

"Ukimrudisha baba yako amebebwa, usiingie mlangoni kwangu," mama alikuwa amemwonya. "Daktari alisema moyo ule usishtuliwe."

Binti alicheka wakati ule. Sasa, ndani ya ukumbi wa tamasha, kicheko kilikuwa kimemkauka.

Mzee mwenyewe ndiye aliyeng'ang'ania kuja. "Kila ukienda kwenye huo muziki wako wa roki unarudi huna sauti," alisema. "Nataka nimwone anayeichukua." Alivaa shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi, akaziba masikio kwa vijipamba, kama alivyofanya kwa miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha kufuma nguo.

"Ndio wameanza, mwanangu?"

"Bado, baba. Wanajaribu spika."

"Loo! Basi wakianza, tushikilie paa."

Wakaanza. Pigo la kwanza la ngoma lilimgonga binti kifuani, naye akakiwazia kifua cha baba yake. Papo hapo umati ukasukumana kuelekea jukwaani, na mkono wa mzee ukamchomoka. Alipogeuka, aliona migongo ya watu tu.

"Baba!"

Sauti yake haikufika hata masikioni mwake mwenyewe. Alijipenyeza, akakanyagwa, akainama kuchungulia sakafuni katikati ya viatu, huku akiomba asilione lile shati jeupe. Angemwambia nini mama?

Ndipo alipokumbuka. Kule kiwandani hakuna aliyepiga kelele, kwa kuwa mashine zilimeza kila sauti. Watu walizungumza kwa mikono, na baba aliileta lugha hiyo hadi mezani kwao. Ngumi kifuani, kisha kiganja wazi juu ya kichwa: u mzima?

Akapanda ngazi za pembeni. Ngumi, kiganja. Ngumi, kiganja. Hakuna. Akarudia mara ya tatu.

Mbele kabisa, chini ya spika kubwa kuliko zote, mkono wenye shati jeupe ukainuka. Kiganja wazi. Kisha kidole kikachora duara hewani, taratibu: mashine inakwenda vizuri, usiizime.

Hakumwamini. Alipasua umati hadi akamfikia, akamshika kifundo cha mkono na kutafuta mapigo kwa vidole. Yalikuwa yakienda mbio. Mzee alitabasamu, akatikisa kichwa kwa kuufuata mdundo.

Binti hakuuachia mkono ule hadi wimbo wa mwisho ulipokwisha.