Hostia ya Kujaribia

Mwaka wa 1964, waasi walipokuwa njiani kuja kwetu Butembo, mume wangu Stanislas alianza kunipotea kidogo kidogo. Kwanza sauti ilikauka. Kisha kope la kushoto likaanguka. Mwishowe ulimi ukapinda, na maji aliyokunywa yakatokea puani.

Majirani walisema alikula kiapo cha uongo. Munganga wa hospitali ya Beni alipiga picha ya kifua, akaniita pembeni.

"Mama, ni kansa. Ilianza mu pafu, sasa iko mu mufupa ya kichwa, inakaza mishipa ya jicho na ya ulimi. Dawa hapana."

Basi Stanislas alibaki na ombi moja: kukomunika, kupokea Mwili wa Bwana, kabla ya kufa.

Padri Paulin alikuja Jumatatu. Akamjaribu kwanza kwa hostia ambayo haijageuzwa kuwa Mwili wa Bwana, ndivyo ilivyo kwa wagonjwa wa koo. Stanislas akakohoa, ikatoka.

"Siwezi kumupa, Mama Sikuli. Akitema, ni Bwana ametemwa. Nitarudia Jumapili."

Tukafanya kazi ya kumfundisha kumeza. Nilimwinamisha kidevu, nikamgeuza uso upande wa kushoto ulio dhaifu, uji ukashuka. Mdogo wake Kasika akacheka.

"Yaya, kaka mukubwa, unameza sawa bata!"

Stanislas naye akacheka, kwa nusu ya uso. Ijumaa akameza ndizi iliyopondwa. Nilimshukuru Bikira Maria kwa rozari nzima.

Jumapili padri hakuja. Askari walikuwa wamefunga daraja. Nilimvalisha Stanislas shati jeupe asubuhi, nikamvua jioni.

Padri alifika Alhamisi. Siku hiyo Stanislas hakumeza hata mate yake. Hostia ya kujaribia ikarudi.

"Tena," alinong'ona.

Ikarudi.

"Tena."

"Baba Sikuli, inatosha," padri akasema. Akampaka mafuta matakatifu. Kisha akanigeukia: "Na wewe, mama, umefunga?"

"Ndiyo, padri. Sijakula tangu jana."

Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikapokea, nikafumba macho. Nilipofumbua, Stanislas alikuwa amefungua mdomo, ulimi wake uliopinda ameutoa nje, anangoja zamu yake.

Padri alikuwa ameshafunga kisanduku cha hostia. Aliniangalia mimi, akatazama chini.

Nilimfuta Stanislas mate. Mdomo hakuufunga.