Pindo la Vidole Vinne

Bi Futi alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alilipata kwa ile futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake kutwa nzima. Watani walisema hata ndoto zake huzipima kabla ya kuziota. Aliwashonea sare watoto wa mtaa mzima, na kila kipimo alikiandika daftarini pamoja na tarehe. Kujisifu alijisifu, na haki alikuwa nayo.

Siku hiyo mke wa mwanawe alimletea sketi ya mjukuu, msichana wa miaka sita.

"Mama, haifungi. Mtanulie kiuno tu."

"Nimeishona juzijuzi, haina hata miezi mitatu! Hebu mlete nimpime."

Kiuno kilikuwa kimeongezeka inchi tatu. Mikono ilikuwa imekonda, na urefu haukusogea hata kidogo. Futi ilipozunguka ubavu wa kushoto, vidole vya Bi Futi viligusa kitu kigumu. Hakukibonyeza. Aliogopa kwelikweli.

"Mtoto akinenepa hunenepa kote. Huyu ana kitu tumboni. Twende hospitali."

"Nilishampeleka zahanati, wakampa dawa ya minyoo. Mama, kwani kila nifanyalo lina kasoro?"

"Mimi na wewe tukigombana tutapatana. Hili halingoji."

Akafunga duka wateja wakiwa foleni, jambo ambalo halijapata kutokea.

Hospitali, daktari alilisoma daftari mara mbili, kisha akampima mtoto kwa mashine. Ulikuwa uvimbe kwenye figo, saratani.

"Wengi hudhani ni shibe, wakachelewa," alisema. "Huyu mmemuwahi, na ana nafasi nzuri ya kupona. Nani aliandika vipimo hivi?"

"Mama yangu," alijibu mke wa mwana, akimshika Bi Futi mkono. Wala hakusema mama mkwe.

Ukapita mwaka wa upasuaji, na wa dawa zilizomnyonyoa mtoto nywele zote. Hatimaye daktari akasema uvimbe hauonekani tena, mtoto arudi shule.

Bi Futi alimsimamisha juu ya stuli, akampima kwa sketi mpya ya shule. Kiuno kilikuwa kimerudi mahali pake, mikono imejaa, na urefu umezidi inchi moja na nusu. Aliisoma namba hiyo kwa sauti ili majirani wasikie, kisha akairudia kwa waliojifanya viziwi.

"Mama, pindo la vidole viwili linatosha," alisema mke wa mwana.

"La vinne," alijibu Bi Futi, akishika mkasi. "Huyu bado atarefuka sana."