Kamera ya Picha ya Wajukuu

Mwezi wa tatu huu mume wangu anachagua kamera. Mimi mkewe alinichagua kwa wiki mbili.

Na haraka tunaijua sote. Daktari wa macho alimwambia mama mkwe, mbele yetu, kwamba macho yake hayatamaliza mwaka. Mama hakulia. Alisema anataka picha moja kubwa ya wajukuu wake wote saba, itundikwe mbele ya kiti chake, aitazame mpaka ashibe. Za simu hazitaki, maana zikikuzwa nyuso zinakuwa uji. Hapo mume wangu akatangaza kwamba atanunua DSLR, kamera ile ya lenzi za kubadilisha, ya kwanza katika ukoo.

Mimi kazi yangu ni kuchapisha picha. Nilimwambia siku ile ile: kwa picha ya upana wa sentimita sitini, megapikseli ishirini na nne zinatosha na kusaza, tafuta lenzi nzuri tu. Alitikisa kichwa, akaenda kumuuliza fundi redio.

Tangu hapo sina raha. Orodha kwenye mlango wa friji, orodha chooni. Analinganisha kamera mbili kwenye kioo cha simu kisichozidi kiganja, halafu ananiuliza ipi itachapika vizuri! Juzi dukani aliishika moja nzuri kabisa, akairudisha kwa sababu mlio wake wa kubonyeza haukumridhisha. Mlio! Nitauchapisha kwenye karatasi gani?

Leo asubuhi mama alimimina chai nje ya kikombe, akasingizia mkono. Uvumilivu ukaniishia.

"Baba watoto, mchagua jembe si mkulima."

"Mke wangu, kamera si sufuria. Kuna moja inatoka mwezi ujao, nasikia..."

"Mwezi ujao mama ataitazama picha kwa kitu gani? Kwa pua?"

Aliikunjakunja orodha yake, kisha akaikunjua tena juu ya goti.

"Nikishaipiga hiyo picha," alisema taratibu, "nitakuwa nimekubali kwamba ndiyo ya mwisho atakayoiona."

Nilikuwa na maneno mengine makali yamejaa mdomoni, nikayameza. Miezi mitatu nimemwona mjinga, kumbe mwenzangu anaogopa. Nilimwonea huruma, na hasira bado ninayo.

Hatukujua kama mama mkwe amesimama mlangoni, mkono wake ukipapasa fremu.

"Mwanangu, ukubali usikubali, macho ni yangu," alisema. "Na huyu kitindamimba wenu, leo alipokuja kuniamkia, nimemjua kwa sauti. Nenda dukani."

Mume wangu alivaa viatu, akatoka bila orodha.