Amri Imetoka

Bakhit hakuwahi kuvaa sare hata siku moja. Alikuwa fundi wa majokofu pale Namakwekwe, Mbale, mtu mwembamba mwenye goti bovu. Ila babu yake alikuwa askari, na Kiswahili cha kambini kilibaki kwao kama pua ya ukoo: kila mtoto alizaliwa nacho. Huko Kiswahili kilijulikana kama lugha ya askari, na Bakhit akikisema kwa nguvu, watu walinyamaza. Wazee walioikumbuka miaka ya utawala wa wanajeshi walivua kofia.

Masinde, dalali wa viwanja, aliligundua hilo siku Bakhit alipogombana na mwenye boda boda. "Bwana, wewe una mali mdomoni," akamwambia. Tangu hapo akawa anamchukua kila penye wapangaji wagumu kuhama.

"Usimguse mtu," alimwelekeza. "Wala usidanganye. Usiseme wewe nani, usiseme nani ametuma. Sema tu: amri imetoka."

Na kweli, Bakhit hakusema uongo. Alisimama uani, akatamka maneno hayo mawili, na watu wakajaza wenyewe yaliyobaki. Lakini alirudi nyumbani hoi kuliko mtu aliyeshinda akipasua mawe. Mkewe, Habibah, akimwuliza neno, alijibu kwa kichwa. Sauti yake mwenyewe ilikuwa imemchosha.

Baadaye Masinde akampeleka Jinja, huko Wanyange karibu na ziwa, kwenye safu ya vyumba ambavyo mwenye nyumba alitaka kuvivunja ajenge hoteli. Wapangaji walikuwa wameahidiwa kukaa hadi mwisho wa mwaka.

"Amri imetoka!" Bakhit akapaza sauti. "Watu wote watoke!"

Wanawake wakaanza kuanua dagaa wa mukene waliokuwa juani. Magodoro yakatoka milangoni. Kwenye chumba cha mwisho tu, bibi mmoja aitwaye Jamirah aliyekuwa akichambua mchele aliinua uso, akatabasamu.

"Ee, mwanangu! Hicho ndicho Kiswahili cha kwetu kambini kabisa. Wewe mtoto wa nani? Karibu ukae."

Bakhit akabaki wima. "Bibi, amri imetoka."

"Nimesikia. Imetoka kwa nani?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza. Nyuma yake Masinde alikohoa.

"Kwa Masinde," Bakhit akasema hatimaye.

"Masinde ndiye nani?"

"Dalali."

"Basi hiyo si amri, mwanangu. Hilo ni ombi. Mwambie nimekataa." Akarudi kwenye mchele wake.

Bakhit alijisikia mzito, kama mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujamtosha. Akawageukia wengine. "Jamani, hakuna amri! Mimi si askari, mimi natengeneza majokofu! Rudisheni vitu ndani!"

"Ndiyo, afande," alijibu Ojok, mvuvi aliyekuwa na godoro kichwani, akazidisha mwendo.

Kadiri Bakhit alivyopaza sauti, ndivyo walivyoharakisha. Akashusha sauti, akajaribu Lusoga, lugha ya wenyeji. Alijua ya sokoni tu, ya kuulizia bei ya ndizi. Mwanamke mmoja alimsikiliza huku akirudi nyuma. "Anatupima," akamnong'oneza jirani yake. "Tukibaki tutakamatwa."

Kufikia alasiri vyumba vyote vilikuwa vitupu, isipokuwa cha Jamirah. Bakhit alingoja matusi ya Masinde, lakini dalali alimpiga bega tu. "Umefanya vizuri," alisema. "Ile ya kusema hakuna amri, ile imewatisha kabisa."



Jamirah alikaa wiki chache. Walipoanza kubomoa vyumba vya jirani vumbi lilimshinda, akahamia kwa binti yake huko Budondo. Bakhit hapokei tena simu za Masinde. Kibandani kwake huzungumza na wateja kwa sauti ndogo, hadi wengine humwomba arudie. Nao wanamwambia kwamba Masinde amepata mtu mwingine, ambaye Kiswahili chake ni cha kuokoteza redioni, na kwamba anatosha.