Zipu ya Mbwa Mwitu

Nilimpa mbwa mwitu jina la mwanangu. Sikukusudia. Nasema mapema kwa sababu watu wa West Indies, mtaa wetu hapa Eldoret, wameisimulia hadithi hii kwa njia zao, na wengine wanadai nilifanya hivyo ndiyo nijulikane mjini.

Kazi yangu ni kutia sauti kwa muvi. Naifanyia dukani kwa Yasin. Mbele anauza simu na chaja. Nyuma kuna chumba cha mabenchi ambako watu hutazama muvi Jumamosi mchana. Katikati kuna kichumba kilichozibwa kwa blanketi na trei za mayai, na humo ndimo ninakaa na maikrofoni. Muvi inakuja ikiongea Kizungu chake. Mimi naieleza kwa lugha yetu, natia utani, na kila mtu nampa jina la hapa. Anayekimbia ni Murunga, anayepiga mayowe ni Betty. Huwezi kumwogopea mtu usiyemjua jina.

Zinazopendwa kushinda zote ni zile za mtu anayegeuka mbwa mwitu mwezi ukijaa, tena zile zilizotengenezwa kwa bei ya chini. Zile za pesa nyingi zinakutisha halafu zinakuacha peke yako. Hizi zinakutisha huku zikikukonyeza. Meno ni ya plastiki, damu ni tomato sosi, mwezi unaning'inia kwa uzi. Hii ninayosimulia ilikuwa na zipu. Mbwa mwitu akigeuka, unaiona mgongoni, kutoka shingoni hadi mkiani, inang'aa. Mabenchi yote yanapiga kelele: "Zipu!" Watu wanacheka hadi wanashikana. Kisha wanaenda nyumbani na kukagua mlango mara mbili.

Yasin ana sheria moja tu. "Mama Ng'ang'a, majina chukua yoyote. Ya nyumbani kwako yaache nyumbani."

Siku nilipoirekodi, Ng'ang'a wangu, wa miaka minne, alikuwa amelala miguuni pangu juu ya leso. Ikafika pale mbwa mwitu anakuja kwa mlango wa mama mmoja mzee. Amevaa kabuti refu, mguu wa kushoto anauburuta. Nafikiri lile vazi lilimbana. Nilihitaji jina haraka. Nikatazama chini, likanitoka: "Fungueni, ni Ng'ang'a amerudi! Ametembea mbali, na hajala tangu mwaka jana!"

Jumamosi hiyo watu walicheka mpaka Yasin akafunga duka la mbele aje aone ni nini. Nikajiona nimefika. Kufikia Jumatatu wanafunzi wa chuo kikuu kule Kesses walikuwa nayo kwa flash, na mtu alikuwa ameshaipeleka Burnt Forest.

Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Shosho, aliisikia kwa dirisha la jirani, akachungulia, akaiona. Naishi naye, kwa sababu mume wangu Waweru anaendesha lori la Lodwar na tunamwona mara mbili kwa mwezi. Sasa, kwetu kifungua mimba wa kiume huitwa jina la babu yake, baba wa baba, na huchukuliwa kuwa ni yeye mwenyewe amerudi mdogo. Kwa hivyo Shosho humwita mwanangu "mume wangu," anamtolea kiti, anamgawia nyama kwanza. Siku hiyo alikuwa anamenya viazi. Kisu kikasimama.

"Umemwita," akasema.

"Shosho, ni muvi tu. Ni mzungu amevaa manyoya ya plastiki."

"Na nani alikuambia mzee wangu alikuwa anaburuta mguu?"

Hakuna aliyeniambia. Nilichojua kuhusu Mzee Ng'ang'a ni kile tulichojua sote: Januari ile ya 2008, ya vita vya uchaguzi, yeye na Shosho walikimbia kutoka Burnt Forest na nguo za mwilini tu, na katikati ya njia akasema anarudia kabuti lake kwa sababu kulikuwa na baridi. Hakuonekana tena. Hawakumpata hai wala maiti. Hana kaburi.

"Mtu asiye na kaburi haitwi kwa mchezo," Shosho akasema. "Huitika."

Jioni hiyo, jua likizama, mwanangu alisimama nje ya mlango. Hakuwa anacheza. Alisimama tu.

"Ingia uoge, baba."

"Sijaambiwa karibu."

"Nani akukaribishe kwenu?"

Akatazama miguu yake. Kiatu cha kushoto kilikuwa kimelika mbele mpaka kidole kinaonekana, na nilikuwa nimemvisha kikiwa kipya asubuhi ile. "Nimetembea mbali," akasema.

Nikajiambia ameokota maneno kwa muvi. Mtoto huokota kila kitu. Lakini siku ya pili alikataa kula ndani ya nyumba. Ya tatu, Shosho alimpa kipande cha nyama, akakinusa, akakitia mfukoni. "Ya njiani," akasema. Akaanza kukonda. Jioni ya nne nilimkuta amefika kwa lami, ameelekea upande wa barabara ya Nakuru, ile ya kwenda Burnt Forest, anaburuta mguu. Nikakimbia nikambeba. Alikuwa mwepesi kama gunia tupu.

"Niache niende, mama," akaninong'oneza, kwa heshima, vile mgeni huongea na mwenye nyumba. "Nimesahau kabuti."

Hapo nikajua kwamba nisipolirudisha lile jina, kuna jioni mtoto huyu ataondoka nisimfikie.

Asubuhi nilikuwa dukani kabla ya Yasin kufungua. "Nataka kulifuta lile jina."

"Mama Ng'ang'a, muvi ikishatoka haina mkia wa kuivuta. Iko kwa simu za nusu ya mji."

"Basi tuitazame."

Akaiwasha. Zamani, pale mlangoni, mbwa mwitu alikuwa anakwaruza mara tatu na kuondoka. Sasa alikwaruza mara tatu, akabaki amesimama. Sekunde kumi. Ishirini. Yasin akaigonga kompyuta ubavuni.

"Imeganda."

Haikuwa imeganda. Mvuke ulikuwa unamtoka puani. Kisha akageuka pole pole, akatuonyesha mgongo.

"Zipu iko wapi?" Yasin akauliza.

Manyoya matupu, kutoka shingoni hadi mkiani.

Yasin akasema "Audhubillahi" na kung'oa waya ukutani. "Nilikuambia! Ya nyumbani yaache nyumbani!"

"Nipe kichumba saa moja tu. Na kiti cha pili."

Nikamleta Shosho, mtoto nikiwa nimembeba mgongoni. Nikamweleza Shosho kwamba class ya kompyuta ninayoenda jioni imenifunza kukata sauti na kuunganisha. Nitalikata lile jina kila linapotokea, na copy mpya Yasin ataisambaza. Akatikisa kichwa.

"Mgeni ukishamwita, huwezi kumwambia hukumwita. Unamkaribisha, unamlisha, unamsindikiza. Wewe ulimwita ukacheka." Akaitazama maikrofoni vile mtu hutazama nyoka. "Hiki naongea kwa upande gani?"

Nikamwonyesha. Muvi ikafika mlangoni. Mbwa mwitu amesimama, anangoja. Shosho akasogea.

"Umechelewa," akamwambia. Haikuwa sauti ya muvi, ilikuwa sauti ya mke jikoni. "Miaka yote hii, kwa sababu ya kabuti! Si nilikuambia uache, tutajifunika langu? Mjinga wewe." Akaivuta maikrofoni karibu. "Haya, karibu. Ng'ombe usiniulize, hakuna aliyebaki. Waweru ni dereva wa lori. Ameoa. Mke wake ana mdomo, lakini anapika vizuri. Na mtoto ni yule pale. Ana jina lako. Mwachie, wewe umelitumia limetosha."

Kwa skrini mlango ukafunguka. Nimeitazama muvi hiyo mara nyingi kuliko mtu yeyote Eldoret, na mlango huo haukuwa unafunguka. Mbwa mwitu alipangusa miguu, kwanza mmoja, halafu ule wa kuburuta, akaingia.

Mwisho wa muvi mwindaji humpiga risasi, naye huanguka kwenye nyasi. Nikaishusha sauti ya bunduki mpaka ikaisha. Mbwa mwitu akalala chini kimya kimya, kama mtu aliyechoka. Shosho akatoa kifuko cha plastiki ndani ya kikapu. Kilikuwa na udongo, ule unaobaki chini ya gunia la viazi vya Burnt Forest. Akachukua ngumi moja, akaunyunyiza mbele ya skrini.

"Mama, kompyuta yangu!" Yasin akalia kutoka mlangoni.

"Nyamaza," Shosho akasema. "Tuko kwa mazishi."

Yasin akavua kofia yake.

Ndipo nikahisi mgongo unaniuma. Uzito wa mtoto ulikuwa umerudi, wote, na joto lake, na mate yake yakinilowesha bega. "Mama," akasema, "nataka chapati."

Jumamosi tukaweka ile mpya. Pale mlangoni, Shosho akiongea, hakuna aliyecheka. Hata wale wanafunzi wanaokaaga nyuma na njugu waliacha kutafuna. Mwanangu alikuwa mapajani mwangu. Mbwa mwitu akaanza kugeuka, nami nikamshika mtoto kwa mikono miwili.

"Zipu!" mtu akapiga kelele mbele. "Ona zipu!"

Ilikuwa hapo, mbaya vile vile, imepinda karibu na mkia. Chumba kizima kikalipuka kwa kicheko, na mimi nilicheka kuwashinda wote, huku machozi yananitoka.

Jioni, Ng'ang'a aliingia nyumbani akikimbia, bila kungoja kukaribishwa, akatupa viatu. "Ng'ang'a, njoo ule," Shosho akamwita, kwa jina lake, mara ya kwanza tangu azaliwe. Akala sahani mbili.

Nyuma ya mlango Shosho alikuwa amepigilia msumari mpya. Sikuona kitu kimetundikwa hapo, na mvua haikuwa imenyesha wiki nzima. Lakini chini ya ule msumari sakafu ilikuwa imelowa, tone kwa tone, kama chini ya kabuti la mtu aliyepita kwenye umande. Shosho alichukua kitambaa akapangusa, kisha akarudi kwa viazi vyake.