Bega la Saumu

Saumu, mwalimu wa miaka thelathini na sita, anajilaza mkekani Jumamosi baada ya chakula cha mchana, na kabla hajafumba macho vizuri sakafu inageuka barabara naye yuko juu yake, anatembea. Barabara haina mwisho; ikikata kona inarudi ilikotoka, na ilikotoka pameshabadilika. Anaingia mji ambao kuta zake zote ni vioo. Watu wazima wanapita, kanga zimeshushwa mabegani, na kila bega lina alama za meno, nyekundu, zinaonyeshwa bila haya kama hina ya harusi. Saumu anajitazama kiooni: bega lake ni tupu. Hashangai. Miaka sita ya ndoa ametamani mumewe, Mbaruku, amng'ate hapo, na miaka sita amemeza maneno, asije akaonekana ana kichaa.

Mtu asiye na sura anasimama mbele yake. Unakwenda wapi, dada? Sijui. Basi umekaribia. Nimekaribia wapi? Kwenye mlango unaogongwa na aliyeufunga. Saumu anageuka, mlango upo, unagongwa, na mkono unaogonga ni wake. Mbaruku anafungua. Mkono wake umejaa alama, za zamani na za juzi. Nani kakung'ata? Mwenyewe, anasema. Kila nikikutamani najing'ata, nisije nikakuumiza wewe. Mbona hukuniambia? Niliona haya. Mimi pia. Wanatazamana kama wageni wawili waliokutana kituoni. Basi ning'ate, anasema Saumu, ila nikisema tosha, uache. Mbaruku anainama. Meno yanashika taratibu, kisha yanakaza, maumivu yanaingia pamoja na utamu wake mpaka vioo vyote mjini vinashika ukungu. Tosha. Meno yanaachia papo hapo.

Anafumbua macho. Bega halina kitu. Mbaruku yuko dirishani, anakunja nguo alizoanua. Umelala kweli leo, mke wangu. Saumu anaketi. Nataka uning'ate, anasema, sauti yake tulivu kama anayeomba maji. Hapa begani. Siku nyingi nataka. Shati linabaki hewani mikononi mwa Mbaruku. Kisha anacheka kidogo, kama mtu aliyetua mzigo, anakwenda kufunga mlango. Kwa nguvu kiasi gani? Saumu anapapasa sakafu. Huenda ni saruji, huenda ni barabara, na hana haraka ya kujua. Anashusha kanga. Anza polepole, anasema. Nitakwambia.